Mzee wangu alipata stroke, akabaki na neno moja tu: "Amina"

Wakuu, salamu kutoka Tetu, huku baridi imetukalia kabisa. Niko na kisa na sijaiongeza chumvi. Mwenye hataamini apite polepole bila matusi, mimi ni mama ya watu.

Mzee wangu tumwite Baba Shiru. Mkulima wa kahawa, maneno mingi, lakini kanisa hapana. Alikuwa anasema ati Mungu anajua kwake, akimtaka atakuja. Dini yake yote ilikuwa kusema "amina" kwa meza, tena kabla sijamaliza kuombea chakula, ndio aanze kula.

Mimi naye nilikuwa naongoza maombi ya akina mama. Mtu akija na shida yake namwambia, "Majaribu inakuza imani." Ilikuwa rahisi kusema. Majaribu ilikuwa ya wengine.

Asubuhi moja Baba Shiru akaanguka katikati ya kahawa. Jirani akatukimbiza hospitali Nyeri na pickup. Stroke. Mkono wa kulia ukakufa, mdomo ukaenda upande.

Baada ya siku kadhaa daktari, kijana mmoja mpole sana kutoka Western, alikuwa ananieleza pale kando ya kitanda.

"Mama, sitakuficha, hali ya mzee bado ni mbaya."

"Amina!" Baba Shiru akasema.

Daktari akageuka. "Mzee, unasikia uchungu?"

"Amina."

"Unataka maji?"

"Amina."

Kumbe ugonjwa ilikuwa imemfungia maneno yote ikamwachia hiyo moja. Daktari akasema hiyo hutokea, kuna wengine hubaki na tusi. Akaniambia nishukuru.

Sikushukuru.

Tuliporudi nyumbani, habari ilikuwa imefika kanisani: Baba Shiru ameokoka! Wakaja na ngoma wakajaa sitting room. Mzee hapendi kelele. Akawaonyesha mlango na mkono ule mzima, uso umekunjamana kwa hasira, "Amina! AMINA!"

Wakaimba kwa nguvu zaidi. Alipotupa kikombe, mama mmoja akapiga magoti akasema Roho ameshuka.

Hiyo haikuwa mbaya. Mbaya ni jirani wa upande wa chini, tumwite Njogu. Alikuja na mashahidi wawili, akamuuliza mzee kwa adabu, "Baba Shiru, si mpaka wetu inapita hapa ndani ya kahawa yako?"

Mnajua alijibiwa nini.

Kesho yake niliamka nikapata fito za Njogu zimesimama katikati ya shamba yetu. Naongea, ananiambia mzee amekubali mbele ya watu.

Nikaita assistant chief. Akakuja, akamuuliza mzee mbele ya wote, "Umekubali mpaka isongeshwe?"

"Amina."

"Wacha basi. Umekataa?"

"Amina."

Chief akafikiria kidogo. "Mzee, wewe ndio Njogu?"

"Amina!"

Chief akageukia Njogu mwenyewe. "Basi Njogu ni huyu, na shamba ni yake. Ng'oa hizo fito."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Niliingia jikoni nikafunga mlango nikalia. Nilikuwa naosha mtu mzima, nachuma kahawa peke yangu, na sasa hata wezi wa shamba wanakuja na mashahidi. Kwa miaka nilikuwa nimeomba mzee wangu amjue Mungu. Niliona kama Mungu amenijibu kwa mzaha.

Wakuu, niliacha kuomba. Kanisani nilikuwa nafunga macho tu. Nyumbani hata chakula siombei, naweka sahani, tunakula.

Halafu siku moja nikaweka githeri kwa meza nikaanza kula. Mzee hakugusa. Alikuwa amefunga macho, mkono mzima umeshika ule umekufa, anangoja.

"Kula," nikamwambia.

"Amina," akasema polepole, bila kufungua macho.

"Unaitikia nini na sijaomba?"

"Amina."

Nikakasirika. Nikaweka kijiko chini nikasema, "Haya. Mungu, nimechoka."

"Amina."

"Nimekukasirikia."

"Amina."

"Sijui kama unanisikia, na mimi sijui tena kukuongelesha."

"Amina," na hapo sauti yake ikavunjika. Machozi ilikuwa inashuka kwa ile upande wa uso imelala.

Githeri ikapoa. Tulikaa hapo kitambo, mimi namwambia Mungu ukweli, mzee ananiitikia. Sijawahi kuomba hivyo maisha yangu yote, na nilikuwa kiongozi wa maombi!

Sijui kama mzee ameokoka, msiniulize. Lakini mimi nilianza kuokoka pale. Imani ya kwanza ilikuwa ya mtu mwenye mambo yake iko sawa. Hii ya sasa ni ndogo, haina mdomo mingi, lakini imelala njaa na mimi na haikutoroka.

Siku hizi mzee anatembea na fimbo, na tunaenda mazoezi ya kuongea Nyeri. Wiki iliyopita alikuwa amekaa nje kwa jua, mimi naanua nguo, nikasikia akipaza sauti, wazi kabisa:

"Nyambura!"

Neno mpya! Nguo zote zikaanguka kwa matope. Nikakimbia nikimsifu Mungu, nikamkumbatia huku nalia.

Wakuu, mimi naitwa Wangari. Nyambura ni ng'ombe, na alikuwa ameingia kwa kabichi.

Nilimfukuza Nyambura nikicheka mpaka mbavu zikauma. Jina langu bado, lakini nangoja bila haraka.

Funzo yangu: usiogope kumwambia Mungu vile uko. Ile maombi nzuri nzuri haikunifikisha mbali.

Wewe mwenye umepitia moto, ulishikilia nini? Andika hapo chini, hata kama wewe uliachilia. Nasoma zote.