Nilishuhudia Kazi Sijaipata

Kosa langu lilikuwa kushika maikrofoni. Kanisani kwetu Gatongora watu husimama kutoa ushuhuda kabla ya mahubiri, na mhubiri wetu anapenda sana ule wa imani, ule wa kushukuru kwa kitu ambacho bado hujakipata. Nilikuwa nimetoka kufanya intavyu kwenye kiwanda cha biskuti kule Eneo la Viwanda, Thika. Supavaiza alikuwa amenichekea, tena ameniuliza naweza kuanza kazi lini. Basi nikasimama nikatangaza, "Bwana asifiwe! Nimepewa kazi ya kudumu, na binti yangu anakuja kukaa na mimi!" Kanisa zima likapiga makofi. Mama mmoja akaanzisha wimbo.

Tena sikuishia hapo. Binti yangu alikuwa akilelewa na kukhu wake, yaani mama yangu, Kakamega tangu alipoachishwa kunyonya, kwa sababu vibarua vyangu vilikuwa vya leo upo, kesho haupo. Wiki hiyo hiyo nikaenda kumchukua. Alikuwa darasa la kwanza. Aliingia chumbani kwangu akakagua kila kona, akaniuliza yeye atakuwa analala upande gani. Nikamwonyesha.

Halafu simu ikapigwa. "Tumeamua kuendelea na watu walio na uzoefu wa mashine," mwanadada wa ofisi akaniambia, sauti tamu kabisa, kisha akanitakia kila la heri. Woi! Hiyo heri niipeleke wapi? Kibarua nilichokuwa nacho nilikuwa nimeshakiacha. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikamrudisha mtoto Kakamega. Njia nzima hakulia. Heri angelia.

Jumapili iliyofuata nilienda kanisani vilevile. Nijifiche kwani nimeiba? Kiongozi wa akina mama akanishika mkono akanivuta kando. "Mama, pengine hayakuwa mapenzi ya Mungu. Mlango ukifungwa, wachana nao. Na ebu jichunguze, labda kuna kitu unaficha."

Nilichemka. Nikamwambia kwamba Mungu hakunipigia simu, aliyenipigia ni mwanadada wa ofisi, na huyo nitamrudia.

Mama mwenye ploti ninayopanga naye, mwenyeji wa hapa hapa, alishika kiuno aliposikia. "Ngai! Utarudi kwao na uso gani?"

"Huu huu. Sina mwingine."

"Na una mtu ndani?" Hilo ndilo swali la kila mtu huku. Ukisema unatafuta kazi kiwandani, hakuna anayekuuliza unajua nini. Wanakuuliza unajua nani.

Sikuwa na mtu. Lakini walikuwa wametaja mashine, basi nikaenda kutafuta mashine. Kuna mahali panaokwa mikate karibu na steji ya matatu, wakanichukua kuosha trei. Nikimaliza trei nasimama kando ya mashine ya kukata mikate. Mama aliyekuwa akiiendesha alinifukuza mpaka akachoka, mwishowe akaamua kunifundisha. Siku moja nilipeleka mkono kutoa mkate uliokwama bila kuizima kwanza. Ikanikata kidole; kikapona, lakini alama bado ninayo.

Kiwanda kilipotangaza nafasi tena, mhubiri alifurahi kuliko mimi. "Dada, Jumapili usimame uipokee kwa imani!"

"Mtumishi, safari hii nitasimama nikiwa nimeajiriwa. Maikrofoni ipumzike kidogo."

Alicheka, lakini niliona hakupenda. Shauri yake.

Kule getini mlinzi alinitambua. "Wewe si ulikataliwa hapa?"

"Kwani wewe ndiye ulinikataa? Fungua geti, baba."

Ndani nikamkuta supavaiza yule yule na wenzake wawili mezani. Wengine wakirudi mahali walipokataliwa hubadilisha mtindo wa nywele, wanaomba wasikumbukwe. Mimi nilivaa blauzi ile ile.

"Nimekuona wapi?" akauliza.

"Hapa hapa. Nilikuja, mkanikataa."

Mwenzake aliyekuwa akisoma simu akainua kichwa.

"Na umerudi kwa nini?"

"Mlisema mnataka mtu aliyeshika mashine. Nimeenda nikashika. Kama kuna sababu nyingine, niambieni sasa, nikaitafute na hiyo."

Macho sikuyashusha. Supavaiza akainuka, akanipeleka kwenye mashine ya kufunga biskuti. Ilikuwa kubwa ajabu, hata sikujua biskuti zinaingilia wapi. Nikamuuliza kwanza inazimwa wapi.

"Mbona unaanza na kuzima?"

Nikamwonyesha kidole. Akakiangalia, akatikisa kichwa, kisha akaniita niingie upande wa pili nione swichi. Tulikaa pale mpaka wenzake wakaja kumtafuta.

Safari hii sikushangilia tabasamu la mtu. Nilingoja mpaka nikaitwa, nikatia sahihi mkataba, nikavaa koti jeupe na kofia ya nywele, nikafanya kazi siku nzima. Jioni, nikiwa nje ya geti na miguu imevimba, nikapiga simu Kakamega.

Mama yangu alipiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kisha akampa mtoto.

"Nakuja kukuchukua," nikamwambia. "Mama amepata kazi."



"Hao watu wakikukataa tena," akauliza polepole, "utanirudisha kwa kukhu?"

Wenzangu wa zamu walikuwa wakipita, nami sikujali nani ananisikia.

"Wakinikataa tena, ni mimi nitarudi kwao. Wewe hutarudi."