Jogoo wa Rubani Chilumba

Hadi leo, ukilitaja jina la Cuthbert Chilumba pale Newala, wapo watu ambao kabla ya kukujibu hutupia jicho mawingu. Mkewe, Mwalimu Dorothy, aliizoea kazi ya kuwa mjane, akauzoea upweke wa nyumba kubwa, lakini jicho lile hakulizoea.

Cuthbert hakutoka kichochoroni. Baba yake alikuwa mwinjilisti upande wa Masasi, na babu yake alibatizwa wakati kanisa lingali la miti na nyasi. Yeye mwenyewe alisoma shule ya Chidya, kisha akachukuliwa na shirika la kupambana na nzige, akafundishwa urubani huko Nairobi. Miaka mingi aliruka chini chini juu ya majangwa ya kaskazini akimwaga dawa. Aliporudi nyumbani alileta mvi chache, redio nzuri, na tabia ya kuangalia upepo kabla ya kusalimia mtu.

Akawa mkulima. Alipanda mikorosho nje kidogo ya mji wa Newala, na mihogo, na mahindi kwa ajili ya chakula. Zamani zile za siasa ya ujamaa, mtu mwenye ndege yake angeitwa bepari mchana kweupe. Lakini ilipoingia enzi ya ruksa, watu wakaanza kununua walichoweza: huyu basi, yule mashine ya kukoboa, mwingine duka zima. Cuthbert alisikia kwamba Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge huko Lindi anafunga virago, na anaacha ndege ndogo ya viti viwili ambayo hakuna anayeitaka. Akaenda kwa basi, akarudi kwa ndege.

"Mama Agatha," alimwambia mkewe, angali na miwani ya vumbi kichwani, "usiniulize. Ningenunua ng'ombe, nao huliwa na simba."

"Sijauliza," alijibu Dorothy. "Nashangaa tu kwamba umetua juu ya kunde zangu."

Alifyeka kiwanja katikati ya mikorosho, akajenga banda la mabati. Siku za Jumamosi, asubuhi kabla jua halijapata nguvu, aliruka. Hakuwa na safari. Alizunguka ukingo wa uwanda, akashuka mpaka aone mchanga wa Ruvuma, akapita juu ya milima ya mawe ya Masasi, akarudi kunywa chai. Hapo ndipo Dorothy alipomsikiliza, maana baada ya kuruka alikuwa msemaji.

Alisema ndege haimpendi mtu mwenye haraka, na ndiyo maana wanasiasa wengi wangekufa wiki ya kwanza. Alisema ukame wa uwanda wa Makonde unaonekana toka juu miaka kumi kabla ya kufika: misitu ya mteremkoni imenyolewa kama kichwa cha mfiwa, halafu watu wanashangaa chemchemi zimekwenda wapi. Kuhusu soko huria alikuwa na maneno mawili yaliyogombana, na aliyasema yote bila aibu. Ruksa ilimpa ndege, na wanunuzi wapya wa korosho walikuja mpaka mlangoni na fedha taslimu, jambo ambalo ushirika ulikuwa umelisahau. Lakini salfa ya kupulizia mikorosho nayo ikawa ya mwenye nacho, na toka juu aliona mashamba ya wajane yakiwa meupe kwa ubwiri, ule ukungu unaoua maua ya mikorosho.

"Shamba la mjane halina sauti," alisema. "Ningekuwa na ndege ya dawa kama zile za nzige, ningelipulizia."

"Huna," alisema Dorothy.

"Sina."

Ulipofika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kila chama kilimkumbuka. Kijana aliyeitwa Optatus, mpiga debe hodari wa mgombea mmoja, alikuja amevaa kofia mpya.

"Shikamoo, Baba Agatha."

"Marahaba. Keti."

"Baba, tuna vipeperushi. Ukivimwaga toka juu, kuanzia hapa mpaka Tandahimba, hakuna kijiji ambacho hakitatusikia. Mafuta juu yetu."

"Na nani atayaokota hayo makaratasi kesho yake? Mikorosho yangu?"

"Baba, hii ni demokrasia."

"Basi demokrasia itembee kwa miguu. Nimewakatalia wenzenu wa vyama vingine juzi, na ninyi nawakatalieni leo. Nikiwa juu sijui lipi ni shamba la chama gani, na sitaki kuanza kujua."

Optatus aliondoka akicheka, lakini Dorothy, ambaye alikuwa amemfundisha darasa la tatu, alilijua lile cheko. Ndilo alilokuwa akicheka akinyang'anywa gololi.

Uchaguzi ukapita. Mvua haikuja. Novemba ikaisha kavu, Desemba ikafuata, na mbegu zilizopandwa mapema zikaungua ndani ya mchanga. Uwanda ule hauna mto wala kisima cha maana. Watu hukinga maji ya bati na kuyahifadhi katika mashimo yaliyosakafiwa, na mashimo yakikauka, wanawake hushuka mteremko mzima na ndoo na kuupanda tena. Cuthbert aliacha kuiosha ndege yake. Aliifuta kwa kitambaa kikavu, na maji ya shimo la banda, ambalo bati lake lilikuwa pana kuliko yote ya jirani, alimwambia Dorothy awagawie wenye watoto wachanga mpaka yakaisha.

Kipindi hicho alikufa mzee Nikolao, jirani yao, na watu wakakusanyika msibani. Alikuwapo Rajabu. Ukoo wa Rajabu na ukoo wa akina Chilumba ni watani tangu enzi za mababu, na kila mwenyeji anajua kwamba mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote, na anayesemwa hana ruhusa ya kununa. Rajabu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alisimama katikati ya wafiwa akanyoosha mikono kama mabawa, akavuma kwa mdomo, akamzunguka Cuthbert aliyekuwa ameketi kwenye kiti.

"Jamani! Mnamlilia marehemu, na aliyemkausha mmempa kiti! Kila wingu likichungulia tu, huyu yuko juu na panga lake: fyuu! fyuu! Analifyeka kama magugu. Semeni, mvua itapita wapi?"

Watu wakacheka mpaka wafiwa wakacheka. Cuthbert naye, kama desturi inavyotaka, hakukubali kushindwa.

"Umenikamata, mtani. Mvua ninayo mimi. Nimeifunga kwenye mkia wa ndege kwa waya wa chuma. Ukitaka niifungue, lete jogoo mwekundu. Lakini wewe na ubahili wako, jogoo utamtoa wapi? Kwako hata kuku hutaga wakiwa na hofu!"

"Jogoo wangu umle wewe? Bora tufe na kiu!"

Kilikuwa kicheko cha kwanza kijijini kwa wiki nyingi. Dorothy mwenyewe alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Lakini maneno yalipotoka pale msibani, kicheko kilibaki nyuma. Yalipofika gulioni yalikuwa yameshavuliwa Rajabu na kuvuliwa utani, yakabaki mifupa: rubani amekiri mbele za watu kwamba ameifunga mvua. Wanawake waliokuwa wakipandisha maji walimpisha Dorothy njiani bila kumsalimia. Jumamosi moja wingu zito lilijikusanya upande wa mashariki, Cuthbert akaruka kulitazama kwa furaha ya mkulima, na mchana wingu likasambaratika. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya mtu kusema zaidi.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Optatus alisimama, mpole kuliko siku zote.

"Sisi hatumtuhumu mzee wetu. Tunauliza tu. Kwa nini mtu asiye na safari apande juu kila Jumamosi? Anafuata nini?"

Rajabu akanyanyuka kwa hasira. "Ule ulikuwa utani! Mimi ndiye niliyeuanza!"

"Kaa, mzee," sauti zikamjibu. "Wewe ni mtani wake. Utasema nini kingine?"

Cuthbert aliwatazama watu aliowagawia maji. Alikuwa mtu wa majaribio. Huko kwenye nzige alifundishwa kwamba ukitaka kujua kinachofanya kazi, ondoa kimoja uone.

"Sawa," alisema. "Kuanzia leo ndege haitoki bandani. Hairuki mpaka mvua inyeshe. Mtaona wenyewe kama ndege ikiwa chini kuna kitakachobadilika."

Watu wakapiga makofi. Njiani kurudi, Dorothy alitembea mbele yake haraka, na alipofika kwenye mkorosho wa mpakani akageuka.

"Umejihukumu, Baba Agatha."

"Nimewapa ushahidi."

"Ushahidi gani? Ikinyesha kesho?"

"Haitanyesha kesho. Nimeuangalia upepo. Bado unatoka kusini, mkavu, wiki mbili au zaidi. Wiki mbili ndege iko chini na jua linawaka: hata Optatus atanyamaza."

"Rusha ndege yako," alisema Dorothy. "Irushe kila asubuhi mpaka mvua ikunyeshee ukiwa huko huko juu. Huo ndio ushahidi watakaouelewa."

"Nimeshatoa neno langu mbele ya watu."

Hapo Dorothy aligeuka akaendelea na njia, kwa sababu neno la Chilumba lilikuwa halijawahi kurudishwa nyumbani.

Upepo uligeuka siku ya tatu. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, mvua iliupiga uwanda wote kwa mkupuo, toka Newala mpaka Tandahimba, mvua ya kukata shingo za migomba. Cuthbert alitoka nje bila kofia. Kwa dakika chache alikuwa mkulima tu, amekinga viganja, anacheka peke yake. Kisha akasikia vigelegele. Walikuja kwa kukatisha kiwanja chake cha ndege, wameloa, wanaimba, na mbele yao Bibi Yuster, ajuza aliyekuwa akilea wajukuu yatima, amekumbatia jogoo mwekundu.

Alipiga magoti kwenye matope. "Ahsante, baba, kwa kutufungulia. Tulichelewa. Tulikuwa hatuna jogoo, tumechangishana."

"Simama, bibi," alisema Cuthbert. "Sikufunga kitu. Ule ulikuwa utani."

"Ndiyo, baba. Utani, baba." Aliendelea kupiga magoti. "Usiifunge tena. Watoto hawa hawana mtu."

Dorothy alitoka barazani. "Hatupokei! Mrudishe jogoo wako, bibi, ukawapikie wajukuu."

Uso wa Bibi Yuster ukaingiwa na hofu ya kweli. Cuthbert aliona kwamba akimkataa yule jogoo, ajuza yule hatalala tena kila anga litakapotakata. Akainama, akampokea. Mvua ilikuwa ikimtiririka usoni, na hata Dorothy hakuweza kujua kilichochanganyika nayo.

Dorothy hakumpika. Jumapili alimbeba kwapani mpaka kanisani akamtoa sadaka, mbele ya macho ya wote, ili ijulikane nyumba ile inakula nini na haili nini. Baada ya ibada, kama kawaida, sadaka za shambani zilinadiwa. Mihogo ikanunuliwa, mayai yakagombewa. Mzee wa kanisa akamwinua jogoo.

"Jogoo huyu, mzima, mnene. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Watu walitazama viatu vyao. Mzee wa kanisa aliuliza tena, kisha akamshusha taratibu. Dorothy akamnunua mwenyewe kwa sauti ya darasani, akarudi naye nyumbani akiwa ameinua kidevu. Alipofika jikoni ndipo alipolia.

Ndege haikuruka tena. Kila mwaka Cuthbert aliufikiria mwezi wa kuanza kuruka tena, na kila mwaka kulikuwa na mahindi ya mtu yaliyohitaji mvua.

"Nikiiwasha leo, na jua likawaka wiki moja," alimwambia mkewe, "safari hii hawataleta jogoo. Watakuja na viberiti."

Alitafuta mnunuzi, hakupata. Kitambaa cha mabawa kikaanza kuchanika, panya wakaingia kwenye viti. Cuthbert aliketi barazani na redio yake, bado ana maoni juu ya bei ya korosho na juu ya wabunge, lakini aliyasema akiangalia chini. Mtu aliyezoea kuiona Ruvuma kabla ya chai alibaki kuuona mkorosho wa mpakani. Moyo ukaanza kumsumbua. Madaktari wa hospitali ya Ndanda walimtunza vizuri, na mwezi wa kwanza, miaka michache tu baada ya mvua ile, alifia pale.

Alizikwa wakati wa ukame mfupi, mahindi yakiwa yameanza kujikunja. Kaburini Dorothy aliona jinsi watu walivyokuwa wakiliangalia anga, wakingoja lifunguke. Shamba lake mwenyewe lilikuwa linakauka, hata hivyo aliomba kimoyomoyo, kwa maneno ya sala aliyofundishwa utotoni, lisije likadondoka hata tone moja siku ile.

Kisha Rajabu akaja mbele. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo. Ilikuwa haki yake na wajibu wake, na watu wakasogea, nyuso zimekaa tayari kucheka. Rajabu aliinua mkono mmoja, kama bawa, akaushusha.

"Huyu," alisema, "hakufunga kitu. Nawaambieni kweli. Hakufunga kitu."

Watu wakaangua kicheko. Walicheka kwa upendo, kama watu wanavyomchekea mtani hodari, na mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo ndiye Rajabu wetu!" Mzee alizungusha macho akitafuta hata uso mmoja uliomwelewa, mpaka akaupata wa Dorothy.

Dorothy alimwitikia kwa kichwa. Kisha akachukua udongo, mkavu kabisa, ukamchuruzika vidoleni kabla haujafika kwenye jeneza. Juu hapakuwa na wingu hata moja.