Kodi ya Mchele

Nilitoka asubuhi bila kujua ninakokwenda. Nilichotaka ni kimoja tu: shangazi yangu apate kula.

Haukuwa umepita muda mrefu tangu nitoke Unguja. Shangazi na mumewe walinipokea Maskati, katika nyumba ya vyumba viwili. Skuli nilikwishaiacha zamani, na kazi nilikuwa naishika na kuiacha, maana kila njia nilitaka kujua inatokea wapi. Mchele ulikuja kwa meli, ukatozwa kodi forodhani, na muuzaji akatuongezea sisi kodi hiyo kwenye bei.

Jana yake, baada ya alasiri, jirani yetu muuza tende, mzaliwa wa pale pale, alikuja kunywa kahawa. Ubishi ukaanza kama kawaida.

“Kodi ya chakula ikiondolewa, serikali itaishi kwa nini? Kwa upepo?” alisema jirani.

“Watoze hariri, watoze manukato,” akajibu mume wa shangazi. “Mchele si pambo, bwana.”

“Kwenu nyie watu wa Unguja ni pambo! Kuleni tende, meno si mnayo?”

Shangazi akapaza sauti kutoka jikoni: “Tende zako hizo? Tukizila, hata hayo meno hatutabaki nayo!”

Tulicheka sote. Nikaenda jikoni kuchukua kahawa, bado nacheka, nikamkuta anamwagia maji ya moto ukoko wa mchana ili ulainike. Sisi wanaume tulikuwa tumekula wali tukashiba.

“Nnaupenda,” akasema, bila kunitazama.

Unguja ukoko alikuwa akiwatupia kuku.

Ndiyo maana niliondoka, ili fungu langu la wali libaki kwake, yeye akiwa bado juu ya msala, anasali alfajiri. Ningemuaga, angenishika kanzu. Nilipita Sidab, nikapumzika, nikashika njia ya milimani, na jua lilipokaribia kuchwa nikateremkia kijiji cha Qantab. Nikaomba maji kwenye nyumba ya kwanza. Bibi mmoja mjane, aliyepata kuishi Unguja, aliisikia lafudhi yangu, akacheka, akanijibu kwa Kiswahili. Alikuwa na banda la nyavu za marehemu mumewe; akaniambia nilale humo.

“Kwenu umeaga?” akauliza.

“Sikuaga, bibi.”

“Ehee! Basi leo umefunikiwa chakula.”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwetu, asiyeaga huchukuliwa kuwa yumo njiani anarudi. Fungu lake hupakuliwa, likafunikwa kwa kawa, na hakuna anayeligusa. Shangazi angeilinda sahani yangu usiku kucha, tumbo lake likiwa tupu.

Nikasimama nirudi saa ile ile. Bibi akaitazama milima.

“Giza litakukuta huko juu, mwanangu, na lango la mji watakuwa wameshalifunga. Kaa.”

Akanipa mkeka. Niliutandika kando ya nyavu, nikakaa juu yake na viatu vyangu miguuni.