Kodi ya Mwezi wa Mwisho

Kuna asubuhi moja ya baridi, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Ulikuwa mwezi wangu wa pili hapa Toronto, na mwezi wenyewe ndio kwanza unaanza. Nilikuwa chumbani kwangu St. James Town, ghorofa za juu kule, nakunywa chai bila wasiwasi wowote, mlango ukagongwa.

Alikuwa Mama Njeri, nesi kutoka Nakuru, aliyepanga nyumba ile na kunikodisha chumba kimoja. Alikuwa bado na sare za kazini.

"Kijana, pesa ya nyumba iko wapi?"

Nilikuwa mwoga wa kuongea na watu. Nikajibu kwa sauti ndogo, "Mama, si nilikupa ya miezi miwili?"

"Ulinipa ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho. Wa mwisho ni ule utakaokaa kabla ya kuhama. Huu wa sasa amelipa nani?"

Unajua kwetu Singida mwenye nyumba huchukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, halafu mnasahauliana mpaka iishe. Nilidhani na huku ni hivyohivyo. Siku ninamkabidhi pesa alinieleza harakaharaka, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, nisionekane mshamba.

"Nyinyi Watanzania na huo upole wenu mtaniua," akasema. "Kila kitu ndiyo, kumbe hujasikia kitu! Nakupa mpaka Jumamosi. Kuna msichana wa chuo anataka hicho chumba, na mimi pia niko na mwenye nyumba wangu."

Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Nje theluji ilikuwa imefika magotini, na sikuwa na pengine pa kulala.

Utauliza mshahara ulikuwa wapi. Niliutuma nyumbani, mchango wa harusi ya binamu yangu. Kwenye kundi la harusi la simu baba mkubwa aliandika kwamba ukoo sasa una mtu Kanada, kwa hiyo hakuna litakaloshindikana. Ningesema nini? Nikaahidi kiasi kikubwa. Na kwa kuwa niliamini kodi nimeshalipa, nikatuma karibu yote niliyopata kule ghalani nilikokuwa nabeba maboksi. Jina langu likawekwa juu kabisa kwenye orodha ya wachangaji. Nililitazama mara nyingi, sikufichi.

Siku ile sikukaa chini. Nilizunguka chumbani, nikatoka koridoni, nikashuka ngazi hadi chumba cha kufulia nguo, nikapanda tena. Nikitoa simu, nairudisha mfukoni. Kaka aliyenileta alikuwa amehamia Alberta na mtoto mchanga, hana kitu. Mwishowe nikampigia mama.

"Kwa nini hukumwuliza huyo mama alipokuwa anakueleza?"

"Niliona aibu."

"Na walipokutaka uahidi?"

"Hapo pia niliona aibu."

"Haya," akasema, "iliyobaki niachie mimi."

Kesho yake aliingia kwenye kikao cha harusi, mbele ya shemeji zake, akasema mwanawe anatolewa nje kwenye barafu, warudishe mchango wake. Kuna waliocheka. Ukumbi na mpiga video walikuwa wameshalipwa, basi ikarudi nusu tu. Jumamosi nikampelekea Mama Njeri nusu hiyo, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba kodi iliyobaki nitaimalizia mshahara ukitoka.

"Leo umeongea," akasema. "Haya, kaa."

Chumba nilikipata. Lakini baba mkubwa, kwa aibu ya kikao kile, hakumsemesha mama tena hadi yeye baba mkubwa anafariki, na mama hakuwahi kunilaumu. Hadi leo mwezi ukikaribia kwisha situlii. Kodi nimeshaiweka pembeni, lakini nainuka kwenda kuiangalia tena.

Sasa wewe tiketi ya kuja huku Kanada unayo, mwanangu, utapanga chumba chako mwenyewe, nami naona usingizi unanikimbia. Pesa ikiingia mkononi, ondoa kodi kwanza, kabla hujafikiri chochote. Halafu nauli ya mwezi mzima, chakula, simu, na hata kufua nguo kuna pesa yake. Bei uliyoiona dukani siyo utakayolipa, ushuru huongezwa pale unapolipia. Buti za baridi usizipige hesabu kwa shilingi, utaogopa, utatembea na raba kama mimi. Mchango wa nyumbani utoe, ni ndugu zako, ila utoke kwenye kilichobaki, na wakikutaka uahidi waambie utawajibu kesho. Na mtu akikueleza jambo usilolielewa, mwambie, "Samahani, rudia." Atakuona mshamba, na yatapita. Mimi nilinyamaza, na aliyelipia ni mama yangu.

Mungu akufikishe salama, akupe chumba chenye joto, na akufungue mdomo mapema kuliko alivyonifungua mimi.