Mabango Yaliyovikwa Shiromani

Kisiwa chetu cha Nzwani kilipogombana na serikali ya Moroni mara ya pili, mimi nilikuwa Ngazija, kisiwa cha hiyo Moroni, na baba alikuwa kwetu Mutsamudu, na baina yetu hapakuwa na boti wala ndege. Uwanja wa ndege wa Ouani ulifungwa. Simu iliita siku ilipopenda yenyewe. Baba aliumwa kifua, naye alikuwa amelala kwa mdogo wangu, yule ambaye mama alifariki akimzaa. Kwetu nyumba ni ya binti, na baba aliyefiwa na mke huishia kwa bintiye. Mimi niliyepaswa kusaidia kumwuguza nilikuwa nimekwama Mvouni, nikishuka asubuhi kwenda ofisini Moroni na kupanda tena jioni, nikiwalaani wakubwa wa pande zote mbili bila upendeleo.

Siku moja laini ilikubali, nikamwuliza baba anataka nini. Nilitegemea aseme dawa.

"Nitafutie mabango yangu," akasema.

"Mabango gani, baba?"

"Ya sinema. Wanasema siku hizi kila kitu kimo ndani ya mashine. Angalia kama limebaki hata moja. Nataka kujua kabla sijaondoka."

Nilimwambia haondoki popote, na bahari yenyewe imefungwa. Hakucheka.

Alikuwa na haki ya kuyaita yake. Alipoletwa kutoka Majunga, Bukini, pamoja na wenzake waliokimbizwa kule, alikuja na brashi zake, maana kazi yake ilikuwa kuchora vibao vya maduka, na sinema ya Mutsamudu ikamwajiri. Mabango ya Kifaransa yalifika yamezunguka bandari nyingi, yamechanika kwenye mikunjo. Yeye aliyaunga kwa uji wa muhogo na kipande cha kitambaa nyuma, kisha akayatundika kwenye ukuta wa kichochoro. Sisi wasichana hatukuingia sinema. Filamu zetu zilikuwa zile karatasi ukutani. Tulisimama mbele yake tukitoka chuo cha Kurani, tukagawana waigizaji, tukatunga nani amemsaliti nani, tukagombana mpaka mtu wa kwanza akalia. Na wanawake wote wa mabango yale walivaa shiromani, nguo yetu nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Nzwani, imewakaa mabegani vizuri kuliko ilivyotukaa sisi. Nilikuwa na furaha mbele ya ukuta ule ambayo sijaipata tena katika sinema yoyote niliyolipia kiti.

Kisha Nzwani ikajitenga, ile mara ya kwanza. Mwenye sinema aliona mambo yameharibika, akafunga mlango, na kila karatasi iliyokuwemo akamwachia Mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Baba hakuambiwa. Alifika kazini asubuhi akakuta misumari mitupu.

Basi baada ya simu ile nikaingia kwenye duka la mtandao pale Moroni. Mashine zilikuwa chache, na picha zilishuka polepole kutoka juu, nywele kwanza, kisha paji la uso, kisha unangoja. Huko ndiko nilikojua kwamba kuna watu duniani wanaokusanya mabango ya filamu, tena kwa wivu, na kwamba nyumba za mnada huwawekea kumbukumbu ya kila bango lililowahi kuuzwa, ili mnunuzi wa leo ajue la jana lilikwenda kwa bei gani. Kila bango lina picha yake, bei yake, na chini yake maelezo ya kasoro, mkunjo baada ya mkunjo, kama daktari anavyoandika juu ya mgonjwa.

Nikatafuta wanawake waliovaa shiromani. Ndiyo, nichekeni. Nilikuwa nimesoma, nina kazi, nimetazama televisheni miaka. Lakini mambo uliyoyaona kabla hujajua kusoma huyahoji. Nilidhani wenye filamu hupiga chapa mbili, moja yao na moja ya Waislamu, na sisi tulikuwa tukiletewa yetu.

Laini ilipokubali tena nikamlalamikia baba. "Nimewaona wengi ninaowajua. Yule mwenye mbwa nimemwona, na yule wa kwenye gari. Lakini si wenyewe. Wote wako mabega wazi!"

Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, mdogo wangu akamnyang'anya simu na kunikaripia kwamba nataka kumwua. Kisha nikamsikia baba tena.

"Ni mimi niliyewavisha, mwanangu."

Kumbe kichochoro kile ndicho watu walichopita kwenda msikiti wa Ijumaa. Wazee walikuja kwa mwenye sinema wakasema mabango yashuke, ama sinema ifungwe. Baba akaomba apewe siku moja. Kesho yake wanawake wote walikuwa wamejisitiri, wazee wakapita bila neno, ingawa, kwa maelezo yake, baadhi yao walipita taratibu kuliko ilivyolazimu.

Nikaanza upya. Sasa niliacha kutazama sura, nikasoma kasoro. Kila palipoandikwa kwamba rangi imeongezwa nilibonyeza na kungoja. Mara masharubu yaliyochorwa na mtoto fulani, mara muhuri wa wino wa forodha. Hadi alasiri moja zikashuka nywele, paji la uso, hereni, halafu wekundu. Nilipiga ukelele, duka zima likageuka.

Alikuwa mwanamke aliyekaa kwenye ngazi, bango ambalo sikuwahi kuliona. Bega la kulia lilifunikwa kwa shiromani ua kwa ua, na bega la kushoto lilikuwa tupu. Chini waliandika kwa Kifaransa kwamba bega limepakwa rangi na mkono usiojulikana, kazi ya kienyeji, tena haikumalizika, kasoro kubwa. Nilikasirika nikaona giza. Usiojulikana! Mtu ambaye Mutsamudu nzima ilimsalimia kwa jina!

Pembeni paliandikwa kuwa bango hilo hilo liliuzwa tena baadaye. Nikabonyeza. Nywele, paji, hereni, kisha ngozi nyeupe mpaka chini. Limesafishwa na fundi, walisema, rangi iliyoongezwa imeondolewa yote. Bei ilikuwa imepanda vibaya sana. Kazi ya baba yangu haikuwa tena juu ya karatasi yoyote duniani, ila ndani ya picha ya mnada ule wa kwanza, lilipouzwa kwa bei ya chini. Nikaichapisha kwa rangi.

Kwenye simu nilimwambia tu kwamba nimepata moja.

"Lipi?"

"Mwanamke yuko kwenye ngazi. Sikumbuki kuliona."

"Halikutundikwa," akasema. "Niletee."

Tangu hapo, mdogo wangu alinieleza, aliacha kuulizia daktari. Kila kukicha aliuliza bahari imefunguliwa au bado. Nami Mvouni niliomba Mungu vitu viwili tu, njia na pumzi za baba, na niliogopa nitapewa kimoja.

Askari wa serikali walivuka bahari wakaiteka Nzwani, njia ikafunguka, nikapata ndege. Kutoka Ouani gari lilinifikisha ukingoni mwa mji, vichochoro nikavikimbia kwa miguu na bahasha kifuani. Baba alikuwa hai. Alikuwa amekonda hata nilitamani kutazama pembeni, lakini alikuwa hai. Mdogo wangu akamwegemeza kwenye mito, nikampa karatasi, naye akapitisha kidole juu ya maua yale, moja moja.

"Baba, walilifuta," nikasema. Sikuweza kumficha. "Hii ni picha tu ya lilivyokuwa. Wanasema ni kasoro. Wanasema aliyepaka hakumaliza hata kazi yake."

Nilidhani atakasirika pamoja nami. "Hapo wamesema kweli," akajibu.

"Kwa nini hukumaliza?" mdogo wangu akauliza, huku akimnyooshea shuka.

Baba akamshika mkono.

"Maua nilikuwa nikiyanakili kwenye shiromani ya mama yenu. Aliniazima, nikaitundika mbele yangu pale sinema. Wakaja kuniita, uchungu umemshika, nikakimbia nyumbani. Baadaye wakatuma mtu akaichukue, wapate nguo ya kumfunika." Akampa mdogo wangu ile karatasi. "Ningemalizia kwa kutazama nini?"