Mkono wa Sweta Ndani ya Vazi la Kuzamia

Kwa nini mtu hutafuta tundu kwa wenzake kabla ya kujitazama? Sijapata jibu hadi leo.

Mimi ni mhandisi. Huzamia bwawani kukagua mabomba ya maji ya mji. Vazi letu la mpira halipaswi kuingiza hata tone, lakini mara tatu niliibuka mkono wa kushoto umelowa hadi kwapani. Nikaamua kwamba Bi Zaina, mtunza ghala aliyenizidi umri, amelianika juani likapasuka. Mkuu wetu akiwa safarini, nilimwachia mezani barua ya kutaka mama huyo aondolewe. Wiki nzima sikumwamkia.

Kisha nikalipeleka vazi Kihonda kwa Mzee Mkude, fundi pancha. Alilifunga shingo na mikono kwa raba, akalijaza upepo, akalipaka povu la sabuni. Hakikutoka hata kiputo kimoja.

"Hebu livae, Mhandisi."

Nikalivaa mbele ya wateja wake, juu ya sweta langu la kujikinga na baridi ya maji ya milima ya Uluguru. Akanishika kiwiko cha kushoto, kisha kiganja.

"Na huu mkono wa sweta unaochungulia nje ya mpira? Umejitia utambi kama koroboi, unanyonya maji hadi ndani, halafu unalaumu vazi!"

Wateja walicheka hadi wakashika mbavu. Namshukuru mzee yule kuliko wengi walionifundisha chuoni.

Asubuhi iliyofuata niliichukua barua kabla haijafunguliwa, nikaichana mbele ya Bi Zaina na kumweleza yote.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba, mwanangu. Sweta likunje mikono."