Sumu Iliyotoka Kwenye Dawa ya Moyo

Siku yangu ya kwanza reanimasyo, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, mkuu wa wauguzi alinikataza kutazama mashine ya moyo kabla sijamshika mgonjwa mkono. "Mashine haijue kama mutu anaogopa," aliniambia. Nilifanya kazi ya uuguzi hapa Bukavu hadi pensheni, na niliifanya vizuri. Sitajishusha ili nipendeze.

Ninayejivunia zaidi ni mama mmoja muuza sambaza, visamaki vya ziwani, wa soko la Nyawera. Aliletwa akitapika, mapigo ya moyo yamepungua mno, na shuka zetu nyeupe aliziona za njano. Binti yake alikwisha kukata shauri: ni karuho, sumu ya kutiwa chakulani, na aliyeitia ni mke wa kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa akipika. Mkwe huyo alibaki mlangoni, amezuiwa kuingia. Kwetu ukishaitwa mtia sumu, mtaa mzima unakukimbia.

Mimi niliposikia habari ya njano nikauliza dawa. Mama alikuwa akimeza digoksini, kidonge kinachoupa moyo nguvu, lakini kikizidi huweza kuusimamisha. Mkwe alimpa kila asubuhi. Kila jioni binti naye alimpa tena, kwa kuwa hakuamini kwamba mkwe alikuwa amempa.

Daktari mkuu, mtu wa maneno machache, alimwambia binti, "Sumu iko, ndiyo. Lakini haikutoka mu chungu. Ni dawa yake ya moyo, na ninyi wawili mulikuwa munamupatia." Binti alikaa chini akalia.

Tulimshikilia mama kwa atropini, inayoharakisha mapigo, huku antidoti, yaani kiuasumu, ikifuatwa ng'ambo ya mpaka. Hiyo ni kingamwili inayoikamata digoksini ndani ya damu. Ilipofika tuliipitisha polepole kwenye mshipa, kisha tukachunga potasiamu, maana baadaye hushuka. Mapigo yalipanda chini ya vidole vyangu, nikafurahi nusura niimbe.

Sasa nimestaafu, na wauguzi vijana wakija kuniuliza habari za antidoti nawaeleza yote, kisha nawasimulia pia habari ya uji. Mama alipoweza kula, mkwe ndiye aliyeuleta. Kwetu anayekupa chakula hukionja kwanza mbele yako, ujue ni salama. Alipoinua kijiko aonje, mama akamshika mkono, binti yake akitazama.

"Usionje, mwana wangu," alisema. "Leta."